Mraba na duara: maswali yenu kuhusu lebo zinazobadilika rangi

Safu ya mwezi huu imekaliwa karibu yote na kitu kidogo kuliko kucha ya kidole cha mwisho: ile alama ya zambarau iliyoko kwenye kichupa cha chanjo, ambayo wahudumu wa afya wanaiita VVM. Wachache wameuliza pia kuhusu jamaa zake, stika za wageni maofisini na lebo za samaki. Barua tumezifupisha.

"Nilimpeleka mwanangu kliniki kwa chanjo ya wiki sita. Nesi, kabla ya kuvuta dawa, alikisogeza kichupa dirishani akakikodolea macho, akamwonyesha mwenzake, ndipo akamchoma mtoto. Alikuwa anatafuta nini? Na mimi nikiomba nione, nitakuwa nimekosa adabu?" (Mama, Likoni)

Hujakosa adabu hata kidogo, mama. Sema tu, "Nesi, naomba nione alama ya kichupa." Nesi anayeijua kazi yake atafurahi.

Utaona duara la zambarau, na katikati yake mraba wa rangi nyepesi. Duara limechapwa kwa wino wa kawaida na halibadiliki. Lipo kwa ajili ya kulinganishia. Mraba ndio wenye kemikali inayohisi joto. Kadiri kichupa kinavyopitia joto, mraba unakolea taratibu, na ukishafanana na duara, chanjo hiyo haifai tena hata kama tarehe iliyoandikwa bado iko mbali. Kwa hiyo wewe angalia vitu viwili: mraba uwe mwepesi kuliko duara, na tarehe ya mwisho iwe haijapita. Vyote viwili lazima viwe sawa. Mraba mzuri hauokoi tarehe iliyopita, na tarehe nzuri haiokoi mraba uliokolea.

Kemikali yenyewe ni ya jamii ya daiasetilini. Ikiwa changa haina rangi. Joto linapoipata, molekuli zake, ambazo zimepangana ndani ya fuwele, zinaanza kushikana hadi kuwa minyororo mirefu, na minyororo hiyo ndiyo tunayoiona kama zambarau. Kwenye joto kali zinashikana upesi. Kwenye friji zinashikana polepole mno, ila hazisimami kabisa. Ndiyo maana lebo hii haipimi joto la sasa hivi kama kipimajoto. Inajumlisha joto lote na muda wote tangu ilipobandikwa. Ilianza kuwekwa kwenye matone ya polio mwaka 1996, kwa sababu hayo ndiyo yanayoharibiwa na joto upesi kuliko chanjo nyingine za watoto. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa tamko la pamoja la kuhimiza ziwekwe kwenye chanjo nyingine pia.

"Tuko wauguzi watatu kwenye zahanati moja na kila mtu anaisoma VVM kivyake. Mmoja akiona rangi kidogo tu anatupa. Mwingine anasubiri hadi iwe nyeusi. Nani yuko sahihi?" (Muuguzi, Nachingwea)

Kwa maelezo hayo, hao wawili wote wamekosea, na wa pili ndiye wa kumwahi leo hii.

Hatua ziko nne. Ya kwanza, mraba ni mwepesi waziwazi kuliko duara: tumia. Ya pili, mraba umekolea lakini bado ni mwepesi kuliko duara: tumia, tena kitangulize kichupa hicho. Ya tatu, mraba na duara vimekuwa rangi moja: usitumie. Ya nne, mraba umelipita duara kwa kukolea: usitumie. Mstari wa kukata uko kwenye hatua ya tatu, si kwenye weusi. Anayesubiri weusi amekuwa akichoma watoto chanjo iliyokwisha nguvu, na mtoto huyo ataandikwa kwenye kadi kwamba amekingwa.

Yule anayetupa mapema naye anatupa mali nzima. Mraba wa VVM hauwi mweupe pe hata siku kichupa kinatoka kiwandani. Ukiutazama vizuri una kivuli chepesi cha zambarau, kwa kuwa kemikali huanza kazi tangu inapotengenezwa. Ni kwa sababu hiyo viwanda huhifadhi lebo zenyewe kwenye baridi kali ya friza hadi siku ya kuzibandika.

Kuhusu namna ya kusoma: toa kichupa, kifute ukungu wa maji kwa pamba kavu, kisha sogea dirishani au nje kivulini. Usisomee ndani ya friji wala kwa tochi ya simu, maana mwanga wa bluu unaipotosha zambarau. Linganisha mraba na duara lake lenyewe, la kichupa hicho hicho. Tumeona watu wanalinganisha na bango la ukutani lililopauka kwa jua, jambo ambalo halina maana. Msisome kichupa kimoja mkaandika boksi zima, hasa kama vilivyorudi kutoka kliniki ya mkoba vimechanganywa na ambavyo havijawahi kutoka. Someni mnapopokea shehena, mnapopanga kibebeo cha chanjo, na kabla ya kufungua kila kichupa. Hatua iandikwe kwenye leja.

Mkibishana kama mraba umelifikia duara au bado, nendeni wote watatu nje kwenye mwanga wa mchana. Msipoiona tofauti hapo, ni hatua ya tatu, mjadala umekwisha.

Jambo moja linalosahaulika: kichupa cha hatua ya pili kinatangulia cha hatua ya kwanza hata kama tarehe yake ya mwisho iko mbele zaidi. Kanuni ya "kinachoisha mapema kitoke mapema" inapisha VVM.

"Kichupa kikipata joto halafu kikarudishwa kwenye friji, mraba unarudi kuwa mweupe?" (Fundi friji, Bagamoyo)

Haurudi. Baridi inapunguza mwendo tu, haifuti safari iliyokwisha kwenda. Chanjo yenyewe nayo iko hivyo hivyo.

"Umeme ulikatika Ijumaa usiku na betri za sola zikafa. Tumefungua Jumatatu, ndani ya friji ni nyuzijoto 30. Kuna matone ya polio, penta (ile ya magonjwa matano), surua-rubella na Td ya pepopunda. Tutupe zote?" (Mhudumu wa afya, Kasulu)

Msitupe, na msitumie bado. Kwanza hamisheni chanjo zote kwenye baridi inayofanya kazi, iwe friji la kituo jirani au kibebeo chenye pakiti za barafu zilizoanza kuyeyuka. Zitieni kwenye mfuko mmoja, andikeni USITUMIE, mpigieni mratibu wa chanjo wa wilaya. Kama friji lina kifaa cha kurekodi joto, mfano Fridge-tag, nakilini kilichoandikwa: kimepanda hadi nyuzi ngapi na kwa saa ngapi. Kifaa hicho kinahifadhi kumbukumbu za angalau siku 30, na hupiga alamu joto likizidi nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo. Hapo ndipo mtajua kama kweli friji lilikuwa nyuzi 30 tangu Ijumaa au lilifika hapo Jumapili usiku. Friji lenye ukuta wa barafu hushika baridi kwa muda mrefu. Friji la kawaida la nyumbani halina ubavu huo.

Sasa hesabu. VVM si za aina moja. Zina madaraja, na namba ya daraja ni idadi ya siku ambazo mraba unachukua kulifikia duara kwenye nyuzijoto 37. VVM2 inachukua siku 2, VVM7 siku 7, VVM14 siku 14, VVM30 siku 30. Kwenye nyuzi 25 mwendo unapungua sana: VVM7 inakwenda siku 45, VVM14 siku 90, VVM30 siku 193. Kwenye nyuzi 5, yaani ndani ya friji zima, VVM2 inadumu siku 225, VVM7 zaidi ya miaka miwili, VVM14 zaidi ya mitatu, VVM30 zaidi ya minne. Mtengenezaji anachagua daraja kulingana na jinsi chanjo yake inavyostahimili joto.

Nyuzi 30 ziko katikati, hivyo tunakadiria kutokana na viwango vya pande mbili. VVM14 itachukua takriban siku 40, VVM30 karibu miezi mitatu, VVM2 kama siku 5. Tuchukulie hali mbaya kabisa, kwamba mmekaa siku tatu kamili kwenye joto hilo. Penta na surua-rubella, ambazo kwa kawaida hubeba VVM14, zimetumia kama asilimia 7 au 8 ya uwezo wao. Td yenye VVM30 imetumia asilimia 3 au 4, na kwa macho hamtaona mabadiliko yoyote. Matone ya polio yenye VVM2 yametumia zaidi ya nusu, na kama yalikuwa yameshapitia joto njiani, huenda mraba umeshalifikia duara.

Makadirio hayo ni ya kuwaondolea hofu na kuwaonyesha pa kuangalia kwanza. Uamuzi unatoka kwenye mraba wa kila kichupa, kwa sababu mraba unajua na yale yaliyotokea bandarini na kwenye lori kabla chanjo hazijawafikia. Kwa macho madaraja yote yanafanana, na chanjo moja kutoka viwanda viwili inaweza kuwa na madaraja tofauti, kwa hiyo daraja linatafutwa kwenye nyaraka za shehena au kwa mratibu. Vichupa vilivyokuwa vimeshafunguliwa kabla ya umeme kukatika msivihangaikie, tupeni. Vilivyobaki hatua ya kwanza au ya pili, baada ya mratibu kuridhia, vitoke mbele ya vyote.

"Mratibu alikuja kukagua, akakuta penta na Td zetu mraba ni mwepesi kabisa, tarehe bado, lakini akaziondoa zote kwa kuwa ziliegemea ukuta wa nyuma wa friji. Alituonea?" (Muuguzi, Njombe)

Hakuwaonea. Mnaishi mahali ambapo Juni na Julai shamba linaamka na sakitu, na friji lililotegwa kwa ajili ya mchana wa joto linagandisha usiku. VVM haijui baridi. Kichupa kikigeuka barafu usiku kucha, asubuhi mraba utakuwa mzuri kuliko wa jirani yake aliyekaa mahali sahihi. Kwa maoni yetu huu ndio udhaifu unaogharimu zaidi, maana watu wamefundishwa kuogopa joto tu, wanaongeza baridi ya friji "kwa usalama", na mraba unawapongeza.

Nyingi kati ya zinazoharibiwa na kugandishwa ni zile zenye chumvi ya aluminiamu inayobeba chanjo: penta, homa ya ini B, Td, nimonia (PCV), HPV ya saratani ya mlango wa kizazi. Ile ya homa ya ini B inaweza kuganda kwenye takriban nyuzi 0.5 chini ya sifuri. Zikiganda, chembe za aluminiamu zinagandamana kuwa mabonge, na zikiyeyuka hazirudi kuwa laini kama mwanzo. Matone ya polio, BCG ya kifua kikuu na surua-rubella haziharibiki kwa kuganda, ila maji ya kuchanganyia hayagandishwi kamwe, maana chupa inaweza kupasuka.

Kama mna shaka na si hakika, kuna jaribio la kutikisa. Chagueni kichupa kimoja cha chanjo ile ile, kiwanda kile kile na bechi ile ile na vile mnavyovishuku. Kiandikeni KIMEGANDISHWA, kisha kiwekeni kwenye friza usiku mzima hadi kiwe barafu tupu. Asubuhi kiacheni kiyeyuke chenyewe. Msikitie kwenye maji moto. Shikeni hicho pamoja na kichupa kinachoshukiwa kwa mkono mmoja, mtikise kwa nguvu sekunde 10 hadi 15, kisha muviweke mezani pasipo na mteremko, mvitazame bila kuvigusa kwa muda usiozidi nusu saa. Kile kilichogandishwa kitatulia haraka: juu maji maangavu, chini mashapo mazito. Kama kinachoshukiwa kinatulia polepole kuliko hicho, kinafaa. Kama kinatulia sawa nacho au haraka zaidi, kimeharibika pamoja na wenzake waliokaa naye.

Watu huharibu jaribio hili kwa kutumia kichupa cha bechi nyingine cha kulinganishia, kwa kutikisa kimoja baada ya kingine badala ya kwa pamoja, na kwa kusahau kuteketeza kile walichokigandisha makusudi, kikarudi kwenye friji na mraba wake mzuri. Pia jaribio halifai kwa polio ya sindano wala kwa chanjo ya kuhara, kwa kuwa hazina mashapo ya aluminiamu. Na kichupa ulichokikuta ni barafu gumu hakihitaji jaribio lolote, kiondoe.

Wala msipange vichupa vikagusa ukuta au sakafu ya friji. Kama ni friji la kufungulia juu, tumieni vikapu vyake. Na pakiti za barafu zikitoka friza ziacheni mezani hadi ukizitikisa usikie maji yanacheza ndani, ndipo ziingie kwenye kibebeo. Kuna vifaa vidogo vya kuonyesha kuganda, Freeze-tag kwa mfano, vinavyobadilika kuwa alama ya X joto likishuka hadi nyuzi 0.5 chini ya sifuri kwa saa moja. Kimoja kwenye kikapu cha penta kinatosha.

"Kwenye penta VVM iko kwenye lebo ya kichupa. Kwenye surua iko juu ya kifuniko, nikifungua naitupa. Sasa nitajuaje kama kilichobaki bado kizuri?" (Mwanafunzi wa uuguzi, Masaka)

Imewekwa pale ili ukifungua ipotee. Alama ikiwa kwenye lebo, maana yake chanjo ni ya maji na kwa kawaida kichupa kilichofunguliwa kinaweza kutumika tena siku nyingine, hadi siku 28, mradi chanjo imeidhinishwa kwa matumizi hayo, tarehe haijapita, imetunzwa kwenye baridi bila kuganda, na mraba haujalifikia duara. Andika tarehe ya kufungua kwenye lebo bila kuifunika VVM. Tumeona plasta imebandikwa juu yake.

Alama ikiwa kwenye kifuniko au shingo ya ampuli, hiyo ni chanjo ya unga. Ukishaichanganya na maji yake, kazi ya VVM imekwisha na saa ya ukutani inachukua zamu: saa sita, au mwisho wa kliniki ya siku hiyo, kinachotangulia. Chanjo hizo hazina kihifadhi cha kuzuia bakteria. Kijidudu kimoja cha ngozi kikiingia na sindano kinazaliana ndani ya kichupa, na sumu yake inaua. Mei 2017, Kapoeta huko Sudan Kusini, watoto 15 walikufa katika kampeni ya surua. Chanjo ilikaa bila baridi na bomba moja la sindano lilitumika kwa siku zote nne. Hakuna lebo ambayo ingeonya juu ya hilo.

Andika saa ya kuchanganya, si tarehe tu. Maji ya kuchanganyia yawe ya kiwanda kile kile, na yapoe hadi joto la chanjo kabla ya kuchanganya, kwa hiyo yatie kwenye friji siku moja kabla.

"Tunakwenda kliniki za mkoba huku Lodwar, barafu inaisha saa nane mchana. Nimesikia kuna chanjo zinazoruhusiwa kubebwa bila barafu. Kama VVM iko sawa, kwa nini nisibebe zote hivyo?" (Afisa wa afya, Turkana)

Zipo, lakini si zote, na VVM peke yake haitoshi. Utaratibu huo ulianza na chanjo ya uti wa mgongo ya MenAfriVac, iliyoidhinishwa mwaka 2012 kukaa hadi siku nne kwenye joto lisilozidi nyuzi 40, na Benin ndiyo iliyotangulia kuutumia kwenye kampeni mwaka huo huo. Baadaye chanjo nyingine chache, zikiwemo za HPV, zilipata idhini ya namna hiyo. Idhini ni ya chanjo ya kiwanda fulani na imeandikwa kwenye karatasi ya maelezo ndani ya boksi. Kama haijaandikwa, haipo.

Sababu ni kwamba mraba hujumlisha polepole. Kibebeo kikisahaulika juani ndani ya gari kikafika nyuzi 50 kwa muda mfupi, VVM30 haitaonyesha kitu cha maana, ilhali chanjo imepata pigo. Kwa hiyo kibebeo kisicho na barafu hutakiwa kuwa na kadi ya pili inayobadilika rangi ghafla joto likivuka nyuzi 40. Kadi ikigeuka, vyote vilivyomo vinatupwa hata kama mraba unang'aa. Na siku zilizoruhusiwa zikiisha, vichupa vinatupwa hata kama havijafunguliwa. Havipewi safari ya pili.

Kwa sasa beba kibebeo cha pili cha barafu, kifungue tu cha kwanza kikiisha, na kibebeo kikae kivulini kimefungwa. Barafu nyingi huishia kwenye kufungua na kufunga kila mtoto mmoja anapofika.

"Mbona chanjo za UVIKO-19 hazikuwa na mraba?" (Msomaji, Bujumbura)

Si zote, ya Sinopharm ilikuwa nao. Nyingine ziliingia sokoni haraka. Kupanga daraja la VVM kunahitaji takwimu za jinsi chanjo inavyopungua nguvu kwenye joto mbalimbali kwa miezi mingi, na takwimu hizo hazikuwepo. Ndiyo maana hata tarehe zake za mwisho zilikuwa zikisogezwa mbele. Watu walitegemea vifaa vya kurekodi joto na kalamu ya kuandika saa ya kutolewa friza.

"Ofisini tunawapa wageni stika zinazotoa mistari myekundu baada ya siku moja. Nyingine zinageuka mchana huo huo, nyingine kesho yake bado safi. Tumeuziwa feki?" (Mlinzi mkuu, Upanga)

Huenda si feki, huenda ni joto. Stika hizo hazina uhusiano na daiasetilini. Nyingi zina vipande viwili: cha chini kimechapwa mistari kwa wino unaoweza kuhama, cha juu ni karatasi nyeupe yenye gundi ambayo unaandikia jina la mgeni. Ukivibandika pamoja, wino unayeyuka ndani ya gundi na kupanda taratibu hadi unatokeza juu. Unene wa gundi umepimwa ili safari hiyo ichukue karibu saa 24 kwenye joto la chumba chenye kiyoyozi. Mgeni akizunguka juani, au akiiacha kwenye dashibodi ya gari, wino unapanda mapema. Akiipeleka nyumbani akaitia friza, asubuhi inaweza kuwa karibu kama mpya. Mgeni mjanja anaijua hiyo.

Ikitoka mabakamabaka, mlinzi hakuikandamiza: ipitishe kidole gumba kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa isibaki. Ikichelewa zote, bunda limekaa muda mrefu au mahali penye vumbi na unyevu. Zihifadhi kabatini, sehemu kavu yenye ubaridi, tumia bunda la zamani kwanza, na kila bunda jipya lijaribu kwa stika moja iliyoandikwa saa na kubandikwa mezani pako. Andika tarehe kwa kalamu nene juu ya kila stika, na kitabu cha wageni kiendelee. Mistari ni ya kumsaidia mlinzi wa getini aone kwa mbali. Na tafadhali, mtu asiibandike kwenye dawa au chakula akidhani itafanya kazi ya VVM.

"Mteja wa Marekani anataka minofu ya sangara, mibichi, iliyofungwa kwenye plastiki isiyo na hewa, kila pakiti iwe na lebo ya joto na muda. Ni lazima au anatusumbua?" (Msindikaji, Mwanza)

Hawasumbui. Samaki mbichi asiyegandishwa akifungwa bila hewa, bakteria wa botulini wanaweza kutoa sumu kabla samaki hajanuka, na baadhi yao hukua kwenye baridi hadi karibu nyuzi 3.3. Mamlaka ya chakula na dawa ya huko, FDA, inaikubali lebo ya joto na muda kuwa njia ya kudhibiti hatari hiyo, mradi iwe kwenye kila pakiti ndogo kabisa itakayomfikia mlaji na si kwenye katoni tu, maana katoni inafunguliwa dukani na pakiti zinatawanyika.

Za aina hii mara nyingi zinatumia kimeng'enya kinachovunja mafuta na kutoa asidi, na rangi inahama kutoka kijani kwenda manjano hadi nyekundu. Hazianzi kazi hadi uzibonyeze ukavunjika ukuta mdogo unaotenganisha vimiminika viwili. Mkisahau kubonyeza, itabaki kijani hata samaki akioza, kwa hiyo mwekeni mtu mmoja mwishoni mwa laini ambaye kazi yake ni kuhakikisha kila moja imebonyezwa na rangi yake ya kuanzia imejitokeza. Lebo ambazo hazijabonyezwa zitunzwe kwa joto aliloandika mtengenezaji. Mkiona gharama ni kubwa, mwambieni mteja apokee minofu iliyogandishwa, yenye maandishi kwamba ibaki imeganda hadi siku ya kutumika na iyeyushwe ndani ya friji, au minofu mibichi kwenye barafu isiyofungwa bila hewa. Njia hizo mbili hazihitaji lebo hizo.